Daraja Lililosimama Ukutani

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea simu yake mpaka kwenye kiti changu barazani, akaishika mbele ya pua yangu kama mtu anayemwonyesha muuguzi kidonda. "Koko," alisema, kama tunavyowaita babu na nyanya, "angalia Masisi ya leo asubuhi." Kwenye kioo kile watu walikuwa wakishuka mlima na magodoro kichwani, mvua ikiwapiga, mama mmoja akimvuta mbuzi asiyetaka safari. Nikamwuliza swali nililowauliza wananchi kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya meza ya serikali, upande wa hati za vizazi na vifo: picha hii ni ya lini, na nani amelithibitisha hilo? Akacheka. "Iko inatembea mu magrupe yote, Koko." Nikamwambia kwamba kutembea si kuzaliwa, kitu kinaweza kuizunguka dunia nzima na kisijulikane kilizaliwa lini. Kisha nikamwonyesha kwamba mvua ile ilikuwa ikimwagika kwa fujo wakati sisi huku tulikuwa tukifuta vumbi la kiangazi kwenye vikombe. Aliondoka na simu yake, na jioni nikamsikia akiionyesha picha ileile kwa jirani, safari hii akisema ni ya jana.

Rafiki msomaji, sisemi haya kwa kuichukia sinema. Mimi ni mpenzi wake wa siku nyingi. Nilimiliki mashine ya kaseti zama za kaseti, na ya diski zama za diski. Sasa nasikia kwamba diski zenyewe zinakaribia kuachwa kutengenezwa, na vibanda vya Sake vilivyoniuzia filamu vinauza vifuniko vya simu. Tunaambiwa tulipie filamu zinazokaa hewani. Leo ipo, kesho imeondolewa, na hakuna mtu wa kumwuliza. Filamu za zamani zinapakwa rangi na kuitwa mpya. Televisheni nayo inaonyesha vita vyetu kwa picha za vita vya mwaka mwingine, na pembeni wanaandika neno "kumbukumbu" kwa herufi ndogo kuliko chawa, siku wanapokumbuka kuliandika. Sina imani nayo. Na kutokuwa na imani huko hakukuanza na simu. Kulianza Masisi, katika miaka ya vita vile vya kwanza baada ya uhuru, ndani ya ukumbi wa parokia uliozibwa madirisha kwa mablanketi.

Sisi hatukuwa watu wa milimani. Tulitoka upande wa Walikale, msituni, ambako baridi haijulikani na maziwa ni kitu cha kusikia. Vita vilipofika kijijini kwetu, nyanya yangu alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa nimeshaanza shule, akapanda nami mpaka Masisi kwa ndugu yake. Huko nilijifunza kuamka na ukungu, kufuata ng'ombe wa mwenyeji wetu kwenye majani yenye umande unaokata miguu, na kula maharage asubuhi, mchana na jioni. Harufu ya jibini mbichi iliyofungwa kwenye majani ya mgomba ilinichukiza mwezi wa kwanza. Baadaye niliipenda hata nikawa naisikia usingizini. Nyanya hakuipenda kamwe. Alikuwa mtu wa kutilia shaka kila kitu kilichotengenezwa mahali asipopaona: jibini, sabuni ya kipande, radio, na noti mpya. "Kitu usichokiona kikipikwa," alikuwa akisema, "kionje na ulimi wa mwenzako."

Basi gari la sinema la serikali lilipopanda kilima chetu, likiunguruma na jenereta yake nyuma, kijiji kizima kilishikwa na ulimi wa nyanya yangu. Wanaume walisema ni mtego: watu wakishakusanyika gizani, askari watafunga mlango na kuchukua vijana wa kubeba risasi. Wengine walisema mashine ile hukusanya vivuli, na kwamba aliyeingia na kivuli chake angetoka nacho kimepungua. Nakiri kwamba shaka ile ya kwanza haikuwa ya kipumbavu. Mambo kama hayo yalikuwa yakitokea. Kwa hiyo wanaume walikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, wakichuchumaa badala ya kuketi, na mbele tulijaa sisi watoto na akina mama.

Kwa sababu ya amri ya kutotembea jioni, sinema ilionyeshwa mchana. Ili kupata giza, parokia iliomba mablanketi. Aliyeleta blanketi aliingia na watu wake wote. Blanketi ndiyo tiketi. Yalitundikwa madirishani, na kila mtu aliyajua ya mwenzake: lile la mistari la fundi seremala, lile lenye alama ya pasi ya mke wa katekista. Matundu ya nondo yaliingiza nuru, hivyo picha zetu zote zilikuwa na nyota, hata za mchana. Nyanya alikataa kabisa kutoa la kwetu. "Wanataka kujua nani iko na nini mu nyumba," alisema. Tuliingia kwa blanketi la mama jirani.

Mama jirani huyu ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Mume wake alikuwa boyi-shofere, yaani utingo, kwenye lori la mfanyabiashara wa Butembo: waliteremsha maharage na jibini kwenda Walikale na Hombo, wakapandisha mafuta ya mawese na mchele. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye tabia ya kujifuta uso kwa kiwiko upande wa ndani, kwa kuwa viganja vyake daima vilikuwa na grisi. Safari yake ya mwisho aliondoka siku chache kabla ya vita kukata barabara. Lori halikurudi. Dereva hakurudi. Habari pekee iliyopanda kutoka huko ni kwamba daraja kubwa la magogo kwenye barabara ya Walikale lilikuwa limechomwa moto.

Kaka mkubwa wa mume wake alisubiri kwa muda ambao yeye aliuona kuwa wa heshima, kisha akataka kilio kifungwe. Katika ukoo wao, aliyepotea bila mwili huzikwa kwa kipande cha mgomba: hukatwa urefu wa mtu, hufungwa mkekani, hulazwa kaburini, na mke hunyolewa nywele. Mke akishanyolewa ni mjane. Na mjane, shamba lake, ng'ombe wake na watoto wake huingia mkononi mwa kaka mkubwa. Mama jirani hakutaka kuingia mkononi mwa mtu yule. Sauti yake ya kukataa ilikuwa ndogo, kwa kuwa hakuwa na hoja, na mgomba ulikuwa umeshakatwa, ukafungwa mkekani na kuegemezwa nyuma ya nyumba yake, ukichuruzika maji.

Hali ilikuwa hiyo tulipoketi gizani. Mwalimu wetu wa shule ndiye aliyekuwa msemaji wa sinema. Filamu zilizungumza Kifaransa cha mbali, na yeye, amevaa tai, alisimama kando ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani akiwa na fimbo ndefu, akitufasiria na kutuongezea. Kama picha ilionyesha ndege, alituambia bei ya ndege. Tulikula wali wa macho: waziri akikata utepe, wasichana wakifanya mazoezi ya viungo, mashine ikichonga barabara. Kisha likaja lori limezama kwenye matope mbele ya daraja, na wanaume wakilisukuma. Mmoja wao akageuka, akatutazama sote, akacheka, akajifuta uso kwa kiwiko upande wa ndani.

Mama jirani alisimama. "Njo yeye!" Sauti ilipasuka. "Njo yeye, iko bwana yangu! Muangalie, iko muzima!"

"Kaa chini, mama, unatuziba!" mtu alisema nyuma.

"Nikae namna gani, na bwana yangu iko anasimama?"

Watoto walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu akina mama hawakuwa wakicheka. Picha ilikuwa imeshapita. Sasa kulikuwa na kwaya. Yeye alibaki amesimama, kivuli cha kichwa chake kikiwa katikati ya waimbaji, na hakuna aliyethubutu tena kumwambia akae.

Kabla ya maharage ya jioni kuiva habari ilikuwa imezunguka vilima vyote. Kaka mkubwa alikuja kwa fundi wa sinema, yule aliyeendesha mashine, akataka picha ile ionyeshwe tena mbele ya wazee. Fundi alikubali, nadhani kwa kuogopa. Siku ya pili ukumbi ulijaa mpaka kwenye benchi za ubatizo. Hata wanaume walioogopa askari waliingia, na nyanya yangu aliingia, mikono kifuani, akiwa amekaza midomo. Mablanketi yaliongezeka, giza likawa giza kweli. Lori likazama tena. Mtu akageuka, akacheka.

"Simamisha!" kaka mkubwa akapiga kelele. "Simamisha hapo, tumuangalie muzuri!"

"Nikisimamisha itaungua, Papa," fundi akajibu. "Hii kitu inaangaliwa ikitembea."

Ndipo nilipoona ambacho siku ya kwanza sikukiona, maana macho yetu yote yalikuwa kwenye uso wa mtu. Nyuma yake daraja lilisimama zima, kizuizi chake cha mikono kushoto na kulia, magogo yake yamepangwa kama meno. Mimi nililijua daraja lile. Nililivuka na nyanya katika safari yetu ya kukimbia, na lilikuwa halipo: nguzo nyeusi tu ndani ya maji, na gogo moja ambalo nyanya alilikalia kama punda akijisogeza, mimi mgongoni mwake. Niligeuka kumtazama. Mkono wake ukaja ukatulia juu ya paja langu, mzito, bila kunifinya.

Wazee walikaa nje, chini ya upenu wa parokia. Kaka mkubwa hakuwa mjinga. Nasema hivi kwa ajili ya haki. Alisema: sinema hii ni ya zamani. Daraja liliungua, hapa ni zima, kwa hiyo picha ilikamatwa kabla ya vita, na ndugu yangu amekufa baada yake. Hoja yake ilikuwa safi kiasi kwamba leo ningeipigia muhuri.

Mwalimu akaulizwa. Aliweka fimbo yake ukutani, akarekebisha tai. "Serikali haionyeshe watu wafu," alisema. "Na ile daraja wameitengeneza tena."

"Nani aliona?"

"Si umeiona wewe mwenyewe, mara mbili?"

Watu wakacheka, na kaka mkubwa akakasirika. "Mwalimu, wewe unajitafutia kitu kwa ile nyumba!"

Shaka hiyo ilisemwa kwa sauti, na mimi niliihifadhi. Nilimchunguza mwalimu yule mpaka nilipomaliza shule, kwa bidii ambayo watoto hawadhaniwi kuwa nayo, na sikupata kitu. Hakuwahi kupita hata mbele ya uzio wa mama jirani bila sababu. Alisema uongo hadharani, mbele ya ukuta wa kanisa, bila faida yoyote niliyoweza kuiona. Hilo ndilo lililonisumbua, na bado linanisumbua.

Hapo kaka mkubwa akamgeukia nyanya yangu. Njia ya Walikale ilikuwa imefungwa. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa ametoka huko baada ya moto. "Koko, ninyi mulipita pale. Utuambie ukweli. Daraja ilikuwa namna gani?"

Mama jirani alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, anang'oa majani. Hakuinua kichwa. Kitambaa kilikuwa kimemtoka, na nywele zake zilionekana, nyingi, nyeusi, hazijasukwa tangu mumewe aondoke.

Nyanya, mwanamke aliyekuwa akisema kwamba sinema ni uongo wa kupakwa nuru alikohoa, akajifunga vizuri kanga yake.

"Mimi nilikuwa na mutoto ku mugongo na moto nyuma," alisema. "Muntu anayekimbia haangalie daraja. Anaangalia mguu yake."

"Lakini mulipita juu ya nini?"

"Juu ya maji."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaondoa hata mbuzi. Mzee mmoja alipiga goti lake. Kaka mkubwa alisema: "Koko, nakuuliza swali ya wanaume." Nyanya akamjibu kwamba maji hayaulizi mtu kama ni mwanamume. Wazee wakashauriana kidogo, wakatoa uamuzi ambao katika utumishi wangu wote sijausikia ukisemwa kwa maneno machache zaidi: mtu hazikwi kwa kukisiwa. Mimi sikuulizwa. Mtoto hakuwa shahidi katika baraza lile, na sheria niliyoitumikia baadaye ingekubaliana nao. Jioni ile mgomba ulikokotwa ukatupiwa ng'ombe, nao wakautafuna mpaka mkeka.

Njiani nilimwuliza nyanya kwa nini hakusema tulichokiona. Alitembea mpaka kwenye kijito, akanawa miguu, akasema: "Waliniuliza juu ya daraja. Hawakuniuliza juu ya muke ya muntu." Kisha akanionya kwamba nikirudi tena kwenye sinema atanichapa, kwa maana sasa alikuwa na hakika kwamba ni kitu cha hatari.

Mama jirani aliendelea kuishi katika nyumba yake. Alilima shamba lake, alikamua ng'ombe wake, alisomesha watoto wake. Kila gari la sinema lilipopanda alikuwa wa kwanza kuleta blanketi, na kila mara alikaa mbele, akitazama nyuso za watu wa pembeni, wale ambao msemaji hawaonyeshi kwa fimbo. Filamu ile haikurudi. Wengine walisema serikali iliificha. Wengine walisema mume wake alikuwa amejiunga na waasi na alicheka vile kwa sababu alijua vita vinakuja. Mimi nilijiuliza jambo dogo zaidi: ni nani aliyemwambia ageuke acheke? Mtu aliyezama kwenye matope hacheki hivyo mwenyewe.

Barabara ilipofunguliwa, mama jirani alipanda lori la kwanza la maharage kwenda Walikale. Alikaa huko kwa muda, akarudi na debe la mawese na uso uliotulia. Kaka mkubwa alikuwa pale lori liliposimama, kama sote.

"Na daraja, shemeji?"

"Iko inasimama," alisema akishusha debe lake. "Inakushinda wewe nguvu."

Watu walicheka tena, na kaka mkubwa, nasema kwa haki, alicheka nao, akambebea debe mpaka nyumbani.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa karani kijana, nilitumwa kazini Walikale na kupita mahali pale. Tulivuka kwa chelezo cha kukokotwa na kamba. Nguzo nyeusi zilikuwa bado ndani ya maji, zimeota majani ya porini juu yake, na mzee wa chelezo aliniambia kwamba tangu moto ule hakuna aliyewahi kuweka hata gogo. Kwa hiyo mama jirani alifika, akaona, na bila shaka aliuliza watu wa huko walichojua juu ya lori na utingo wake. Alichoambiwa hakumwambia mtu. Sikumwuliza. Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kuuliza watu maswali kwa mshahara, na nilijua ni lipi lisilo la ofisi.

Ukumbi ule sasa hauna paa. Vita vingine vimepita juu yake, na vingine juu ya hivyo. Hakuna tena anayetoa blanketi la nyumba yake ili wengine wapate giza. Kila mtu ana giza lake dogo mkononi, na analitazama peke yake. Nimewasikia wafasiri wa siku hizi wanaopayuka juu ya sauti za filamu. Wana vipaji, lakini wamo ndani ya mashine, huwezi kuwatoa nje chini ya upenu ukawauliza nani aliona. Mwalimu wetu alidanganya. Nalisema bila kulipunguza. Lakini alidanganya akiwa amesimama palepale, kwa jina lake, mbele ya watu waliojua nyumba yake, na alikuwa tayari kuulizwa tena kesho yake. Picha ninazoletewa leo hazina mtu wa namna hiyo kando yake, ndiyo maana sizipokei.

Mama jirani alikufa akiwa mzee, katika moja ya miezi yetu michache ya utulivu, nami nilipanda Masisi kuzika. Kaka mkubwa alikuwa bado hai, macho yamekwisha, ameketi kwenye kiti mlangoni. Wanawake waliomwosha marehemu walitoka na swali, kwa sababu desturi ilitaka lijibiwe na ukoo wa mume: je, wamnyoe, aende kama mjane, au namna gani? Walikuwa wameshaandaa wembe na beseni. Sote tulimtazama mzee yule, na wengi wetu tulijua alichokuwa amekitaka zamani.

Aliweka kidevu juu ya fimbo yake.

"Muache nywele yake," alisema. "Bwana yake akifika, atamujua na nini?"

Wanawake wakarudi ndani, wakamsuka.